Mfumo wetu wa tahadhari ni mpwa wangu: barua ya wazi kwa wanaosimamia maafa nchini

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Shikamooni mlionizidi umri. Mlionizidi cheo tu, habari za kazi.

Nawaandikia ninyi mlio katika Idara ya Menejimenti ya Maafa, Ofisi ya Waziri Mkuu, na wenzenu wa mikoani, wilayani na kwenye halmashauri, pamoja na yeyote ambaye mvua ikizidi redio humtafuta aseme neno. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimezaliwa bonde la chini la Rufiji, nimefundisha huko, na mafuriko yamenibomolea nyumba mbili huko huko. Ya kwanza niliijenga kwa ujinga. Ya pili niliijenga palepale nikiwa na akili zangu timamu, na nikifika mbele nitawaeleza kwa nini.

Aprili 2024, jioni moja natoka kuswali Magharibi, simu ikaita. Alikuwa mpwa wangu, wakati huo ana kibanda cha vipuri vya pikipiki Ifakara.

"Mjomba, mmelala?"

Nikamwambia bado.

"Msilale. Huku Kilombero imetoka nje, majaruba yote yamekuwa bahari. Hayo maji yanakuja kwenu."

Nikatazama juu. Nyota zimejaa, hakuna hata wingu la kusingizia. Nikarudi msikitini nikamwomba muadhini, baada ya Isha, awatangazie watu waanze kupandisha vitu. Vijana wa barazani wakacheka: mwalimu kazeeka, anatangaza gharika mbingu ikiwa nyeupe. Waliocheka ndio hao hao niliowaona usiku wakibeba magunia ya mpunga kuyapeleka mwinuko. Ndivyo tulivyo, mdomo unacheka na mikono inafunga mizigo.

Maji yalipofika, siku kadhaa baadaye, wazee, wajawazito na wagonjwa wa kitongoji chetu walikuwa karibu wote wameshaondoka bondeni. Tulipoteza mpunga, kuku, vyoo, na nyumba zote za udongo za upande wa mto. Mtu hatukupoteza. Kuna vitongoji ambavyo havikuwa na mpwa Ifakara.

Kwa mliozoea kuliona bonde letu kwenye ramani tu, naomba niwachukue darasani kidogo. Bonde la Rufiji ni kama moja ya tano ya Tanzania Bara, kilomita za mraba zipatazo 177,000. Mvua ya Njombe, ya Mbeya, ya Iringa, ya Mahenge, inayomnyeshea mtu asiyewahi kuuona mto wetu, mwisho wake hupita mlangoni kwetu. Kilombero na Luwegu hukutana wakauzaa Rufiji, Ruaha Mkuu huja kujiunga, na maji yote hupenya kwenye lile korongo lililokuwa likiitwa la Stiegler, ambako leo limesimama Bwawa la Julius Nyerere. Kutoka hapo ni Mloka, Mkongo, Utete, halafu Muhoro na visiwa vya delta. Ndiyo maana sisi huzama jua likiwaka.

Na ndiyo maana sisi ndio tungekuwa watu rahisi kuliko wote kuonywa. Tetemeko halipigi hodi. Bukoba ya tarehe 10 Septemba 2016 haikupewa hata dakika. Tope la Mlima Hanang lilishuka tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi ya Jumapili, likaifunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Lakini maji ya Rufiji husafiri mamia ya kilomita kabla ya kutufikia. Yanapita kwenye vipimo vya bodi ya bonde, yanapita chini ya madaraja ya barabara kuu na ya reli, yanaingia bwawani yanatoka, yanapita vijiji vyenye minara ya simu. Njia nzima yanaonwa na kila mtu isipokuwa yule yanayemwendea.

Watabiri siwalaumu. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema El Niño inakuja na vuli itakuwa ya mvua nyingi. Ikawa. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua zile zilikuwa zimeua watu 155, zimejeruhi 236, na zimewagusa zaidi ya watu 200,000. Utabiri ulikuwa sahihi na watu wakafa vilevile. Kamba ilikatikia mahali fulani kati ya Dodoma na kitanda cha mtu.

Nadhani najua sehemu moja ilipokatikia, nayo ni lugha. Mamlaka ina ngazi zake: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, kila moja na rangi yake. Ni kazi nzuri. Lakini mwaka ule niliwauliza watu wazima kumi na wanane, wote wanajua kusoma na wengine nimewafundisha mwenyewe, kipi kizito kati ya angalizo na tahadhari. Walijibu kama wanafunzi walioitwa ubaoni bila kujiandaa. Neno la kutisha wanalolijua ni HATARI, lile lililoandikwa kwenye transfoma na fuvu chini yake. Mtu akisikia kwamba mkoa wa Pwani una angalizo la mvua kubwa, anachojiuliza ni kama shamba lake la Ruwe limo, kama ni leo au Ijumaa, na kama amtoe mama yake au asubiri. Tangazo halimjibu. Haliwezi kumjibu, kwa sababu limeandikiwa mkoa na yeye si mkoa.

Anayeweza kumjibu ni mtu wa kijijini aliyepewa kanuni fupi. Simikeni nguzo za kupimia maji zenye rangi, kule juu na huku chini, hata ziwe za zege la kawaida na rangi ya mafuta. Kisha wataalamu wa bonde, ambao wana kumbukumbu za miaka mingi, watupe hesabu iliyokwisha kupigwa: maji yakigusa rangi hii Ifakara, ninyi pandisheni chakula, yakigusa hii, ondoeni wazee, bwawa likifungua milango kiasi hiki, mna siku hizi. Iandikwe kwenye kibao, kwa Kiswahili cha sokoni, ibandikwe ofisi ya kijiji, kwenye zahanati na msikitini. Bangladesh walipoteza watu wasiopungua 300,000 kwa kimbunga kimoja mwaka 1970. Mwaka 1972 wakaanzisha jeshi la watu wa kujitolea wa vijijini wenye bendera, redio na vipaza sauti: idadi ya bendera zilizopandishwa ndiyo inayokwambia ufanye nini. Leo ni makumi ya maelfu ya watu, nusu yao wanawake, na vimbunga vikubwa vya huko sasa huua makumi mahali ambapo viliua malaki. Bendera ni kitambaa. Sisi kitambaa tunacho.

Sasa nije kwenye kamati. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa mpaka kijiji na mtaa. Kwa mwalimu, hii ni sheria inayopendeza kuisoma: kila ngazi ina jina, kila jina lina kazi. Nami ni katibu wa mojawapo ya kamati hizo za kijiji. Nilijua kwamba ni katibu siku nilipoitwa kusaini karatasi ya mahudhurio ya semina. Orodha ilikuwa na wajumbe kumi na wawili. Wawili walikuwa marehemu, Mungu awarehemu, mmoja alikuwa ameolewa Mbagala, na wa nne alikuwa mimi kwa mara ya pili, jina la baba limetangulia. Tulipewa daftari kubwa, kalamu, soda, na fulana yenye maandishi mgongoni. Baada ya hapo kamati haikukutana mpaka maji yalipokuwa magotini.

Msinielewe vibaya, kamati si kazi bure. Naandika kwa sababu najua kazi yake hasa ni nini, na kwa nini hakuna mtu kutoka wilayani anayeweza kuifanya badala yetu.

Kila maafa yakitokea nchi hii, wa kwanza kufika amevaa kandambili. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliangukia Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43, wakafa 19. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, akiwemo kijana Majaliwa Jackson, ambaye Rais aliagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, walioanza kuokoa ni wavuvi. Ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, wenye maduka na wabeba mizigo walianza kufukua kwa mikono. Majaliwa alipewa heshima yake na alistahili. Swali langu ni la wale wenzake waliobaki mwaloni. Mialo mingapi ya nchi hii ina maboya ya kuvaa, kamba ndefu, tochi inayostahimili maji, na watu watano waliofundishwa kumbana kifua mtu aliyekunywa maji? Tunampongeza shujaa mmoja, halafu wa mwakani tunamwacha aende mikono mitupu kama huyu.

Kwetu kitu kinachookoa ni mtumbwi. Na hapa naomba mnivumilie, nina kidonda.

Mwaka ule maji yalipopanda tulikuwa na mitumbwi ya kasia na pondo ya kutosha, lakini mkondo ulikuwa na nguvu kiasi kwamba mwenye kasia alikuwa akipelekwa, hapeleki. Tulihitaji boti yenye injini. Ilikuwepo. Iliegeshwa juu ya tela, mahali tunapapajua, inapigwa picha. Haikuwa na petroli. Nikaenda ofisi moja, sitaitaja wala kusema ni ya ngazi gani, kuomba lita hamsini. Aliyenipokea alikuwa kijana mstaarabu, akaniita mzee wangu, akanipa kiti. Akanieleza kwamba fedha ya dharura ipo, ila manunuzi lazima yapate bei kutoka kwa wauzaji watatu, na mwenye saini ya mwisho yuko kikaoni mkoani. Nikamwuliza kama na maji nayo yaombe bei tatu. Akacheka kwa huruma, na mimi nikacheka, kisha nikatoka nikaenda kwa muuza petroli wa chupa kando ya barabara, nikaweka rehani simu yangu na baiskeli. Simu niliikomboa. Baiskeli bado iko kwake, na kusema kweli anaitunza kuliko nilivyokuwa nikiitunza mimi.

Kijana yule sina kinyongo naye. Alifuata taratibu, na angezivunja angeandikiwa barua. Taratibu zenyewe ndizo zilizotungwa kana kwamba mafuriko ni kununua madawati. Sheria inataja mfuko wa taifa wa maafa, vizuri. Lakini fedha inayookoa mtu saa nane usiku ni ile ambayo mtendaji wa kijiji anaweza kuigusa saa nane usiku. Ruhusuni kila kijiji kilicho kwenye njia ya maji kitenge fungu dogo kutoka mapato yake, na halmashauri iongeze lake, liwe na kanuni moja: tumia kwanza kwa mambo haya matano yaliyoandikwa, toa hesabu mbele ya mkutano wa kijiji ndani ya siku saba. Mkutano wa kijiji wakaguzi wanaudharau bure. Mimi nimeshawahi kuulizwa pale ilipo kamba ya kumi na moja wakati tulinunua kumi.

Tena msisubiri masika kutafuta boti. Januari, ardhi ikiwa kavu, andikishianeni na wenye boti, wenye matrekta, wenye maduka ya mafuta na wenye maturubai: siku ikifika, bei ni hii, malipo ni ndani ya muda huu. Na kama mtaleta boti mpya, tafadhali zisiwe za mpira. Maji ya Rufiji yakitapakaa, mamba na viboko nao hutapakaa, na kiboko hana adabu na mpira.

Jambo la nani yuko wapi nimelijifunzia kwa mtoto wa darasa la tano. Tulipokuwa tukihesabu watu mwinukoni usiku maji yalipofika, orodha ya kitongoji ilikuwa sawa, kila kaya imetajwa. Mtoto mmoja, ambaye huwachotea watu maji kwa malipo, akauliza: "Na bibi wa uani?" Bibi wa uani ni mama mzee asiyeona, aliyekuwa amekuja kukaa kwa mjukuu wake tangu mwezi uliotangulia, akilala chumba cha nyuma. Mjukuu alikuwa safarini. Hakuna daftari lililokuwa na jina lake. Walikwenda vijana wawili wakamkuta ameketi kitandani, maji yako kwenye kifundo cha mguu, anavuta uradi.

Tangu hapo, kabla ya masika, huenda shuleni nilikostaafu nikawaomba walimu kipindi kimoja. Watoto wanachora kitongoji ubaoni: kisima, mwembe, njia, nani hawezi kutembea, nani ana mimba kubwa, nani ana mtumbwi, nani anameza dawa kila siku (hili la mwisho tunalikusanya kwa faragha kupitia mhudumu wa afya, maana kuna dawa watu hawapendi zitajwe). Dar es Salaam walifanya kazi ya namna hii kitaalamu zaidi kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi, chini ya mradi wa Ramani Huria, wakachora mitaro na nyumba za maeneo yanayofurika kama Tandale na bonde la Msimbazi. Ushahidi upo kwamba raia wa kawaida anaweza kuchora ramani ambayo mhandisi ataitumia. Vijijini hatujafikiwa, lakini chaki tunayo.

Nimesema nitarudi kwenye nyumba yangu ya pili.

Kila mafuriko yakipita husikia ile kauli: wananchi wahame mabondeni, wamekuwa wakaidi. Waheshimiwa, hii si amri mpya. Mwaka 1968 na 1969, katika Operesheni Rufiji, baba zetu walihamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya mwinuko. Kijiji kilihama. Shamba halikuhama. Mto huacha tope jeusi lenye rutuba, na maji yakipungua mkulima hupanda mlau kwenye unyevu uliobaki, mahindi, kunde, maboga, bila kusubiri mvua. Huko mwinukoni ni mchanga na mikorosho. Basi watu walilala juu na kula chini, na anayekula chini hatimaye hulala chini, kwa sababu nguruwe na nyani hawafanyi kazi saa za ofisi.

Wazee walikuwa na jibu lao, dungu: kibanda juu ya nguzo, ngazi unaivuta usiku, mtumbwi umefungwa chini yake. Mtu aliishi dunguni msimu mzima, maji yakija yanapita chini ya sakafu. Sisi kizazi cha shule tukaona dungu ni ushamba. Tukajenga nyumba za tofali mbichi zinazokaa ardhini kama vyungu, na maji yakizigusa zinarudi kuwa udongo. Nyumba yangu ya pili ilikuwa ya aina hiyo. Niliijenga palepale kwa sababu shamba langu liko palepale, na kwa sababu kiwanja nilichoonyeshwa mwinukoni hakikuwa na maji, wala njia, wala hati. Mkitaka tuhame, hamisheni kisima kwanza. Mkikubali kwamba hatutahama wote, basi leteni fundi wa kutufundisha dungu la kisasa, nguzo za zege na paa la bati, ili shambani pawe na mahali pa kulala bila kufa.

Na bwawa sasa. Najua linawafanya mkae vizuri kwenye viti, nami sikuja kugombana. Umeme wa megawati 2,115 ni wetu sote, na kijiji changu kina taa. Lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Mwaka 2024 wanavijiji wengi walisema ni milango yake iliyotuzamisha. Wahusika wakaeleza kwamba mvua ndizo zilizozidi, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Ubishi huo waachiwe wahandisi, mradi hesabu zake zitolewe hadharani. Ninachotaka kusema mimi ni kitu ambacho hakimo kwenye ubishi.

Bwawa litazuia mafuriko madogo. Yale ya kila mwaka au ya kila mwaka wa tatu, yanayoingia uani na kutoka, hayatakuja tena kama zamani. Watu watashukuru. Watasogea karibu zaidi na mto, maana mto umekuwa mpole. Watoto watakua bila kujua mkondo unavyovuta, bila kujua kusoma rangi ya maji, bila mtumbwi nyumbani, kwa kuwa mtumbwi ni gharama. Kisha utakuja mwaka ambao bwawa limejaa na mvua bado inanyesha Kilombero, milango itafunguliwa kwa sababu haina budi kufunguliwa, na maji yatawakuta watu ambao hawajawahi kuyaona. Mafuriko madogo yalikuwa mwalimu wetu. Mmemstaafisha, sawa, lakini mwalimu akistaafu hupelekwa mwingine.

Huyo mwingine ni zoezi. Mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Februari, siku ya gulio watu wakiwa wengi. King'ora kilie au mbiu ipigwe, bwawa litume ujumbe wa majaribio uteremke kijiji kwa kijiji, na sisi tuone umefika saa ngapi. Wazee wabebwe kweli mpaka mwinukoni. Zahanati ifungashe chanjo na dawa. Mtu apande mtumbwini na injini iwashwe, maana injini iliyokaa mwaka mzima ina tabia zake. Nawahakikishia zoezi la kwanza litakuwa kichekesho, na ndivyo inavyofaa liwe. Aibu ya Februari ni nafuu kuliko ya Aprili.

Kuhusu kambi nitasema kidogo. Mkiwapeleka waathirika madarasani, mmewaokoa wazazi na mmewafukuza watoto shule. Tafuteni sehemu nyingine mapema, hata uwanja wenye vyoo vilivyochimbwa na bomba moja. Na chakula, vyandarua na dawa za kutibu maji viwekwe ng'ambo zote mbili za mto kabla ya msimu. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika Somanga na mahali pengine, na Lindi ikawa haifikiki kutoka Dar es Salaam. Lori lililojaa unga halina faida likiwa upande usio na wenye njaa.

Na mbegu. Maji yakishuka tunakuwa na wiki chache tu za kupanda mlau kabla unyevu haujakimbia. Msaada wa mbegu ukija miezi mitatu baadaye, tunaupokea kwa makofi na kuupika.

Najua mtasema haya yote yapo kwenye mipango. Naamini. Nimeona mipango mizuri, yenye jedwali na rangi, na Dodoma mna chumba cha kufuatilia mwenendo wa maafa. Basi naomba jambo moja dogo la kuanzia, lisilohitaji mkopo wala mfadhili. Chukueni vijiji vya Kilombero vilivyo kando ya mto, chukueni vyetu vya Rufiji na Kibiti, muviunganishe viwili viwili. Mtendaji wa huku ajue namba ya mtendaji wa kule, na mwenyekiti vivyo hivyo, na wawili wengine wa akiba kwa siku ambayo chaji imeisha. Wakutane mara moja uso kwa uso, wale wali pamoja, ili siku ya kupigiana simu isiwe mgeni anampigia mgeni. Wapewe vocha. Na wale wa bwawani wawe na orodha hiyo hiyo ukutani.

Naliomba hili kwa haraka kwa sababu moja. Mpwa wangu amefunga kibanda. Biashara ya Ifakara ilimchosha, sasa yuko Makambako anauza mitumba, na anasema baridi ya huko inalipa. Masika yanaanza Machi, na Ifakara sina tena mtu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya maafa ya kijiji,
Bonde la chini la Rufiji